Kilemba cha kuhani hakikuwa kofia ya kila mtu

Katika sura ya 3 ya kitabu cha Zekaria kuna tukio dogo ambalo wasomaji wengi hulipita mbiombio. Nabii yumo katika maono. Baraza la mbinguni limekaa, na mbele ya malaika wa Bwana amesimama Yoshua, kuhani mkuu, nguo zimemchafuka, na Shetani yuko kuumeni kwake tayari kumshitaki. Malaika anaagiza avuliwe zile nguo chafu, avikwe za heshima. Shauri linakwenda vizuri, wala hakuna aliyemwomba Zekaria maoni yake. Lakini Zekaria anashindwa kujizuia, anadakia: na kilemba je? Apigwe kilemba safi kichwani! Na kweli, wanaanza na kilemba, nguo zinafuata.

Mtu hadakii baraza kama hilo kwa ajili ya kitambaa tu. Maono hayo yana tarehe: mwaka wa pili wa Dario wa Uajemi, 519 KK. Hekalu lilikuwa limechomwa mwaka 586 KK, ukoo wa Daudi hauna kiti, na Yuda imebaki jimbo dogo la dola ya mbali. Sedekia, mfalme wa mwisho, alikwisha kutolewa kauli isiyo na huruma na nabii Ezekieli: kilemba kiondolewe, taji ivuliwe. Neno la kilemba alilolitumia Ezekieli kwa mfalme ndilo lile ambalo Torati inalitumia kwa kuhani mkuu. Sasa mfalme hayupo. Kimebaki kichwa kimoja cha kuhani, na Zekaria anataka akione kimefungwa sawasawa.

Nimeanza na Zekaria kwa sababu mabishano yetu kuhusu vichwa huanzia kwingine kabisa. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mzee wa kanisa anamnyooshea kijana kidole: kofia! Ijumaa, mtaa huohuo, kijana mwingine anahangaika kuazima kofia kabla hajaingia msikitini. Ubishi ukipamba moto, watu hukimbilia kwa Waisraeli wa kale. Huyu atasema Biblia yote imewakataza wanaume kufunika kichwa mbele za Mungu. Yule atasema Wayahudi wamevaa vikofia vyao tangu enzi za Musa. Kwa maoni yangu wote wawili wanamvisha Mwisraeli wa kale kofia isiyo yake. Kwake yeye, kitambaa cha kichwani kilitaja kazi ya mtu na hali aliyokuwa nayo siku ile. Kupima imani ya mtu kwa kitambaa kulikuja baadaye sana, na historia ya namna kulivyokuja inasimulika.

Tuanze na kilemba chenyewe. Kwa Kiebrania kinaitwa mitznefet, kutokana na mzizi wenye maana ya kuzungusha na kuviringisha. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inasema kilemba, nasi kilemba tunakijua: hakichopekwi kichwani kama kofia, kinapigwa, na mara nyingi anayekipiga ni mtu mwingine. Tena kwetu neno hilo limebeba cheo na wajibu kiasi kwamba limetoka kichwani likaingia mfukoni. Mwanagenzi akihitimu humpa fundi wake kilemba, na mtu anayetafuta fremu ya duka Kariakoo hulipa kilemba kabla ya kodi. Tafsiri za zamani za Kiingereza zilitumia neno la kofia ya kiaskofu, na wachoraji wa Ulaya wakamchora Haruni na kofia yenye ncha, kama mtu aliyetoka kutoa kipaimara.

Kitabu cha Kutoka kinaeleza mavazi hayo kwa uangalifu wa fundi cherehani. Kuhani mkuu anapewa kilemba cha kitani safi, na juu yake, upande wa paji la uso, bamba la dhahabu lililofungwa kwa uzi wa samawi. Bambani pamechongwa maneno “Mtakatifu kwa Bwana”, na Torati inaongeza kwamba yachongwe kama michoro ya muhuri. Muhuri hugongwa kwenye mali ili ijulikane ni ya nani. Kwa hiyo anayemtazama Haruni usoni haoni cheo cha Haruni, anaona jina la mwenye mali. Torati inaendelea kusema kwamba Haruni atauchukua kwa bamba hilo uovu wa vitu vitakatifu wanavyoleta watu, yaani kasoro za sadaka zao zinamwangukia yeye. Ni pambo, lakini ni mzigo pia. Makuhani wa kawaida, wanawe, walipewa kofia za kitani zisizo na dhahabu, nao waliambiwa ni kwa utukufu na uzuri.

Josephus, mwanahistoria aliyezaliwa katika ukoo wa makuhani na kuliona Hekalu kabla halijateketea mwaka 70 BK, anasimulia jinsi kofia hiyo ilivyotengenezwa: utepe mnene wa kitani unazungushwa mara nyingi, unashonwa, kisha kitambaa kingine chepesi kinafunika mishono mpaka kwenye paji la uso. Ilikazwa kichwani isije ikaanguka wakati wa ibada. Naipenda taarifa hii ya mwisho. Kuhani alikuwa mtu wa kuinama, kubeba mapaja ya ng'ombe, kupanda ngazi za madhabahu akiwa na damu mikononi. Kofia yake ilikuwa vazi la kazi.

Sasa tazama miguu yake. Katika orodha nzima ya mavazi ya kikuhani hakuna viatu. Makuhani walihudumu peku juu ya sakafu ya mawe, kiangazi na masika. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, inawataja wasimamizi wa Hekalu kwa majina, na mmojawao, Ben Ahiya, alishughulikia magonjwa ya tumbo. Talmudi ya Yerusalemu, ufafanuzi mrefu wa Mishna, inaeleza sababu bila kuona haya: makuhani walitembea peku kwenye mawe ya baridi, wakala nyama nyingi, wakanywa maji, matumbo yakawasumbua. Kichwa kimefunikwa, miguu iko wazi, na tabibu wa tumbo yuko pembeni. Hiyo ndiyo ibada ya Hekalu ilivyokuwa kwa karibu. Mzee wetu wa kanisa anayevua kofia na kubaki na viatu angeonekana kituko pale.

Na raia wa kawaida aliyepanda Mlima wa Hekalu na mwana-kondoo wake? Mishna inamwekea masharti: asiingie na fimbo, wala viatu, wala mkoba wa fedha, wala vumbi miguuni; asipafanye njia ya mkato, wala asiteme mate. Fimbo, viatu, pesa, vumbi, mate. Kichwa hakikutajwa kabisa. Watu waliofikiria mpaka mate, kama kichwa kingekuwa na sheria yake, wangekisahau? Mimi siamini. Kichwa kilikuwa na sheria kwa aliyekuwa kazini tu.

Hata kwa kuhani mkuu, sheria ilibadilika kulingana na kazi ya siku. Mwaka mzima alihudumu na mavazi manane, dhahabu ikimeremeta. Lakini Siku ya Upatanisho, alipoingia Patakatifu pa Patakatifu, Walawi 16 inamtaka avae kitani kitupu, na kilemba cha kitani, bila bamba. Siku anayomkaribia Mungu kuliko siku zote ndiyo siku anayovaa kama kuhani wa kawaida. Marabi wa baadaye walisema kila vazi la kuhani linafanya upatanisho wa kosa fulani, na kilemba kilihusu kiburi: kilichoko juu kipatanishe makosa ya wanaojiweka juu. Kwa Kiswahili tungesema hakikuwa kilemba cha ukoka.

Kwamba kazi ya kuhani imo katika vazi lake, wanasiasa walilielewa haraka kuliko wanateolojia. Herode, na Warumi baada yake, waliyaweka mavazi ya kuhani mkuu chini ya ulinzi katika ngome ya Antonia, iliyokuwa imepakana na ua wa Hekalu. Josephus anasema yalifungiwa chumbani kwa muhuri, na siku saba kabla ya sikukuu ndipo makuhani waliporuhusiwa kuyachukua. Sikukuu ikipita yanarudishwa. Karibu mwaka 36 au 37 BK gavana Vitellius aliyarudisha mikononi mwa makuhani, akapendwa kwa hilo. Miaka michache baadaye Warumi walitaka kuyachukua tena, Wayahudi wakatuma wajumbe mpaka Roma, na mwaka 45 BK Kaisari Klaudio akaandika barua kuwaachia. Hebu fikiri: dola iliyotawala kuanzia Uingereza hadi Misri inajadili kilemba kiwekwe kabati gani. Wakati ule kuhani mkuu aliweza kuwekwa na kuondolewa na mtawala kama karani, lakini bila kile kitambaa na lile bamba hakuweza kuingia kazini. Aliyeshika ufunguo wa chumba cha mavazi alishika ibada ya taifa zima.

Bamba lenyewe tunalisikia kwa mara nyingine katika Talmudi. Wahenga walikuwa wanabishana kama maneno yale matakatifu yaliandikwa kwa mstari mmoja au miwili. Rabi Eliezeri mwana wa Yose akasema, mimi nililiona mjini Roma, na yaliandikwa mstari mmoja. Basi. Hakueleza aliyaona wapi huko Roma, wala alijisikiaje kuona muhuri wa Mungu ukiwa nyara.

Tutoke Hekaluni, twende kijijini. Torati haina amri inayomtaka Mwisraeli wa kawaida, mwanamume au mwanamke, afunike kichwa kila siku. Picha chache tulizonazo zinaonyesha watu walivaa walivyovaa. Kwenye nguzo nyeusi ya mfalme Shalmaneseri wa Tatu wa Ashuru kuna Yehu wa Israeli, au mjumbe wake, amesujudu mpaka chini akileta kodi ya mwaka 841 KK. Kichwani ana kofia laini iliyochongoka na kulalia nyuma, na wabeba mizigo wake wamevaa vivyo hivyo. Michongo ya jumba la Senakeribu huko Ninawi inaonyesha kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda, mwaka 701 KK. Humo baadhi ya wanaume wako vichwa wazi, nywele fupi za kujipinda. Wengine wamejifunga vitambaa ambavyo ncha zake zinaning'inia kando ya sikio. Wanawake na watoto wa kike, wote, wamejitanda shuka ndefu zinazoanzia utosini na kushuka mgongoni hadi karibu na miguu, wanatoka mjini na mizigo yao kwenda uhamishoni. Michongo hiyo yote iko London leo. Aliyechonga alikuwa adui, tena fundi wa mfalme, kwa hiyo usiitegemee kama picha ya pasipoti. Lakini hakuwa na sababu ya kudanganya kuhusu vilemba.

Panapokuwa patamu zaidi ni msibani.

Mke wa Ezekieli alipofariki, nabii aliambiwa asilie. Jipige kilemba chako, vaa viatu vyako, usifunike midomo yako. Majirani wakashangaa, wakamuuliza maana yake ni nini. Mshangao wao unatufundisha desturi yenyewe: mfiwa wa kawaida alivua kilemba, akavua viatu, akajifunika sehemu ya chini ya uso. Kwa hiyo kichwa wazi ni msiba. Lakini fungua 2 Samweli 15: Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu, anapanda Mlima wa Mizeituni analia, hana viatu, na kichwa kimefunikwa, na watu wote walio pamoja naye wamefunika vichwa. Yeremia anasimulia ukame ambapo wakuu na wakulima wote walifunika vichwa kwa fedheha. Hamani, baada ya kumwongoza Mordekai njia nzima juu ya farasi wa mfalme, alikimbilia nyumbani kwake kichwa kimefunikwa. Sasa msiba ni kichwa wazi au kichwa kilichofunikwa?

Nadhani fumbo hili linafumbuka mara tu unapouliza ni kitambaa gani. Kile anachokivua mfiwa kinaitwa pe'er, kilemba cha urembo, neno lenye maana ya fahari. Kile anachojifunika Daudi ni vazi lake la juu, amelivuta akajifunika gubigubi. Kimoja kinakupeleka mbele za watu, kingine kinakuficha wasikuone. Aliyewahi kumwona mama wa Kiswahili kwenye matanga ya mtoto wake, lemba la shughuli limewekwa kabatini na khanga imevutwa mpaka machoni, hahitaji kamusi ya Kiebrania. Anavua na kufunika kwa wakati mmoja.

Na kuna sababu ya kivitendo kabisa ya kuvua kilemba: majivu. Mfiwa alijimwagia vumbi au majivu utosini, kama alivyofanya Tamari binti Daudi baada ya kubakwa na kaka yake. Kilemba na majivu havikai kichwa kimoja. Isaya 61 inachezea jambo hilo kwa ustadi ambao tafsiri yetu imeupoteza. Biblia ya Muungano inasema “taji ya maua badala ya majivu”, na tumeuzoea mstari huo tangu utotoni. Kiebrania kinasema pe'er badala ya efer. Herufi ni zilezile tatu, zimebadilishana nafasi tu. Hakuna maua pale. Ni kilemba kinarudi kichwani baada ya majivu kupanguswa, matanga yameanuliwa. Ningekuwa mfasiri ningeandika kilemba bila kusita, ingawa najua kwaya nyingi zingenilaani.

Ndipo unapoona ukali wa amri aliyopewa Haruni. Walawi 10: wanawe wawili, Nadabu na Abihu, wanakufa kwa moto mbele za Bwana. Jamaa zao wanaitwa, wanaibeba miili nje ya kambi ikiwa ndani ya kanzu zake. Haruni ananyamaza. Halafu Musa anamwambia yeye na wanawe waliobaki: vichwa vyenu visiguswe, nguo zenu msizirarue, taifa zima litalia, ninyi mtabaki mlangoni mwa hema. Baba amefiwa na watoto wawili kwa siku moja, na kilemba hakitoki, kwa sababu mafuta ya kuwekwa wakfu yako juu yake. Ezekieli, aliyekuwa wa ukoo wa makuhani, alipewa amri ya namna hiyohiyo karne nyingi baadaye. Kwa raia, kilemba kilifuata moyo. Kwa kuhani, moyo ulifuata kilemba.

Kitenzi kilichotumika katika amri ya Haruni, para, kimewagawa wafasiri tangu zamani. Wengine wanasema ni kufunua kichwa, wengine ni kufumua nywele. Kwa Kiswahili tofauti ni herufi moja, na nadhani Mwisraeli hakuhitaji kuchagua, maana kilemba kikitoka, nywele zinamwagika. Kitenzi hichohicho kimetumika kwa watu waliojiachia ovyo mbele ya ndama ya dhahabu. Kimetumika kwa mgonjwa wa ukoma, aliyetakiwa kuishi nje ya kambi na kupaza sauti kwamba ni najisi. Na kimetumika, hapa ndipo penye ubishi mkubwa, kwa mwanamke.

Mnadhiri, mtu aliyejifunga kwa nadhiri, nitamtaja kwa ufupi kwa sababu yeye ndiye anayewachanganya wanaotafuta sheria moja. Hesabu 6 inamtaka aache nywele zikue, wembe usimguse, na nywele hizo zinaitwa nezer ya Mungu wake, neno lilelile la taji takatifu ya kuhani mkuu. Mtu wa kawaida, mwanamume au mwanamke, akitaka kujiweka wakfu kwa muda hakupewa kitambaa. Alikuwa anaiotesha taji yake mwenyewe.

Basi mwanamke. Hesabu 5 inaeleza kesi ya mke anayeshukiwa na mumewe bila shahidi. Kuhani anamsimamisha mbele za Bwana, na mojawapo ya hatua za kesi ni kumfunua kichwa, au kumfumua nywele, chagua herufi yako. Marabi wa shule ya Rabi Ishmaeli walitoa hoja kutoka hapo: ikiwa kufunuliwa ni fedheha, basi binti za Israeli wasitoke nje kichwa wazi. Hoja ina mantiki, nami naikubali kama ushahidi wa desturi. Shuka za Lakishi zinaiunga mkono. Lakini desturi ya heshima na amri ya ibada ni vitu viwili. Torati inaeleza anachofanyiwa mwanamke aliyeshitakiwa. Haimwambii mwanamke aliyeko sokoni avae nini. Mishna yenyewe, inapomtaja mwanamke anayetoka kichwa wazi, inaliweka jambo hilo chini ya desturi za wanawake wa Kiyahudi. Talmudi ikaja kupinga, ikasema ni Torati, kisha ikasuluhisha kwa njia ninayoipenda: kwa kipimo cha Torati, mwanamke mwenye kikapu kichwani ameshajifunika, desturi ndiyo isiyotosheka na kikapu. Kikapu! Kwa hesabu hiyo wauza ndizi wetu wote wametimiza Torati.

Na desturi zenyewe hazikuwa na lugha moja hata kwa majirani. Rebeka anasafiri siku nyingi na mtumishi wa Ibrahimu bila shela kutajwa. Anapomwona Isaka shambani na mtumishi kumwambia ndiye bwana wangu, anachukua shela anajifunika. Ni alama ya bibi harusi mbele ya mumewe. Tamari mkwewe Yuda anajifunika uso na kukaa njiani, na Yuda anamdhania kahaba. Mwanzo 38 inasema wazi: kwa sababu alijifunika uso. Vuka sasa mpaka Ashuru. Katika vibao vya sheria vilivyochimbuliwa huko, vya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mke wa mtu na mjane lazima wajifunike wakitoka barabarani, na kahaba ni marufuku. Akikamatwa amejifunika anachapwa viboko 50 na kumwagiwa lami kichwani. Kitambaa ambacho kwa Yuda kilimfanya mwanamke adhaniwe kahaba, kwa Mwashuru kilithibitisha kwamba si kahaba. Waashuru walitaka kitambaa kieleze mwanamke ni mali ya nani, wakaiandikia dola yao sheria. Israeli haikuandika sheria hiyo. Kutokuwepo kwake kunazungumza, na wanaohubiri vichwa vya wanawake kwa jina la Musa wangefanya vizuri kukusikiliza.

Watauliza: na Paulo? Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, anasema mwanamume anayesali amefunika kichwa anaaibisha kichwa chake, na mwanamke asiyejifunika vivyo hivyo. Maneno ni mazito, lakini angalia aliyaandika lini na wapi. Miaka ile ile, kila siku asubuhi na jioni, makuhani wa Yerusalemu walimtolea Mungu sadaka na kofia zao kichwani. Paulo, aliyejisifu kulelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa Torati, alilijua hilo. Kwa hiyo hakuwa anatangaza kanuni ya Israeli. Korintho ilikuwa koloni la Kirumi, limejengwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 KK, na Mrumi anayetoa sadaka kwa miungu yake alivuta vazi lake akafunika kichwa. Wachambuzi wengi wanaliona agizo la Paulo kwa wanaume katika mwanga huo, nami pia. Mzee wa mlangoni anaye Paulo mkononi. Musa hanaye.

Vikofia vya Wayahudi wa leo navyo havimfikii Musa. Mwaka 1932 wachimbaji walifukua sinagogi huko Dura Europos, kando ya mto Frati nchini Syria, kuta zake zimejaa picha zilizochorwa karibu mwaka 245 BK. Haruni yupo, amevaa vazi la kichwani kama inavyompasa. Musa yupo mbele ya kijiti kinachowaka: kichwa wazi, viatu amevivua, vimewekwa kando yake. Wayahudi wa mji ule, waliolipia picha hizo na kusali mbele yake, hawakuona kasoro. Talmudi ya Babeli nayo inasema kwa utulivu kabisa kwamba wanaume mara hufunika vichwa na mara huviacha wazi, wanawake hufunika daima, watoto huwa wazi. Ni maelezo ya watu wanavyovaa, hayana ukali wa amri.

Ila humohumo Babeli kitu kilikuwa kinabadilika. Hekalu limekwisha, kilemba kimepelekwa Roma, hakuna tena kazi iliyohitaji kofia ile. Wasomi wachache wakaanza kujifunika kwa hiari. Rav Huna mwana wa Yoshua alijivunia kutotembea dhiraa nne kichwa wazi, kwa sababu, alisema, Uwepo wa Mungu uko juu ya kichwa changu. Anasema kama mtu mwenye mazoea ya pekee. Lingekuwa jambo la kila mtu asingejivunia. Naona hapo vazi la kazi linageuka kuwa vazi la moyo, na ilichukua karne nyingi kabla halijawa sheria kwa mwanamume wa Kiyahudi.

Kisa kinachoonyesha mgeuko huo kuliko vyote ni cha mwanamke asiyetajwa jina, mama yake Rav Nahman mwana wa Isaka, karne ya 4. Wanajimu walimwambia mwanawe atakuwa mwizi. Hakwenda kwa kuhani, makuhani hawakuwa na madhabahu tena. Alikataa tu mtoto asitembee kichwa wazi, akamwambia: funika kichwa chako, ili hofu ya mbinguni iwe juu yako, na uombe rehema. Mtoto akatii bila kujua sababu. Akakua, akawa msomi. Siku moja amekaa chini ya mtende anadurusu, shuka ikamteleza kichwani. Akainua macho akaona tende. Tamaa ikamshika, akaupanda mtende ule, akakata kichala kizima kwa meno. Wafafanuzi wanaongeza kwamba mtende haukuwa wake.